Kioo na Mkwe wa Chuma

Mikono ya Kioo ilikuwa haijui kukaa. Mpe kikombe cha chai, na kabla chai haijafika nusu kikombe kimeshasuguliwa kila upande, na kisahani kimeanza kuingiwa na wasiwasi. Akikaa na mgeni, anasugua kifungo cha shati lake. Akikosa kifungo, anasugua cha mgeni. Watoto wake walikua na mapaji ya uso yanayometa kama vitasa vya benki, maana kila alipowabeba wakiwa wachanga kidole gumba chake kilikuwa kinazunguka hapo, kinazunguka, kinazunguka, mpaka mtoto anasinzia kwa kuchoka kung'arishwa.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na korido, bomba liko uani, na uani ndiko habari zote zinakopikwa. Humo aliishi yeye, mkewe, watoto, na mama mkwe wake ambaye alikuja kusalimia mwaka ule wa mvua kubwa na bado alikuwa hajamaliza salamu. Siku moja ya mapumziko Kioo aliiona fimbo ya mama mkwe imeegemea ukuta, haina kazi, na yeye hana kazi. Akaisugua asubuhi nzima. Bibi alipokuja kuishika, ikamponyoka kama kambare, naye akakaa chini bila kupenda.

"Mume wako anataka kuniua," alimwambia binti yake kutoka pale sakafuni.

"Hataki, mama. Anataka ung'ae."

"Ning'ae nikiwa ndani ya sanduku?"

Huyo ndiye Kioo. Jina lake la kweli liko kwenye kitambulisho, na kitambulisho nacho alishakisugua, picha ikabaki masikio tu.

Kazi yake kiwandani ilikuwa kung'arisha mabirika. Birika likitoka kwa wachomeleaji linakuja na sura ya mtu aliyelala na nguo za jana: lina alama ya buluu pale moto ulipopita, lina mikwaruzo ubavuni, na pale shingo ya mrija inapoungana na mwili pana kovu. Kioo alisimama mbele ya gurudumu la kitambaa lililopakwa sabuni ngumu ya kijani, linazunguka mpaka halionekani, akalikumbatia birika kwa mikono yote miwili na kuliegemeza pale. Linalia. Vumbi jeusi linaruka. Anageuza kiwiko, anapinda magoti, anaizungusha ile shingo taratibu kama mtu anayemvua mtoto nguo inayobana kichwani, na kovu linayeyuka. Jioni alirudi nyumbani mweusi tii, weupe uko kwenye macho na barakoa ilipokuwa. Akipiga chafya, shuka inabadilika rangi.

Lakini mabirika yake, wee! Nzi akitua juu yake alikutana na nzi mwenzake, wakaanza ugomvi, na wapo nzi ambao mpaka leo hawajaamuliwa. Kuna mwanamke alinunua birika moja, akajiangalia, akamrudishia mchumba wake pete kwa kuona kumbe alikuwa anajiuza rahisi. Hivyo ndivyo ilivyosemwa uani, na aliyekuwa anasema ni mke wa Kioo, kwa hiyo kata nusu, na ile nusu iliyobaki ipige pasi.

Sasa, Kioo alikuwa na mazoea yake. Akishamaliza birika hawezi kuliweka kwenye kreti hivihivi. Lazima aligeuze, alipige kofi dogo kitakoni, pa!, kama unavyompiga mtoto uliyemwogesha na kumvisha: haya, toka, kacheze. Birika linajibu ndiii, ndipo linaondoka. Hakufundishwa na mtu. Lilimtoka tu siku alipomaliza birika lake la kwanza bila kulitoboa, na tangu hapo kila birika lilipata kofi lake, hata siku aliyokuwa na homa, hata siku kidole kilipofungwa bendeji.

Halafu ikaja roboti.

Ililetwa na lori, imefungwa mifuko ya plastiki kama sofa la maharusi. Ilipofunguliwa, ikawa ni mikono miwili imeota juu ya nguzo, basi. Mkono wa kushoto una vidole vya mpira vya kushikia birika, wa kulia una gurudumu dogo la kitambaa. Kichwa hakuna.

"Na tumbo hana," alisema Gundi, aliyefanya kazi gurudumu la pili toka kwa Kioo na aliyeitwa hivyo kwa jinsi alivyoganda popote alipokaa. "Asiye na tumbo hagomi. Tumekwisha."

Aliyekuja nayo ni msichana mwembamba mwenye kompyuta bapa kifuani, wakamwita Binti wa Mashine. Akaamuru izungushiwe wavu wa njano, akaacha dirisha moja la wazi, na pale dirishani akafunga taa mbili za kuangaliana. Akawakusanya wote.

"Akiwa kazini, msimsogelee. Msimguse. Msitaniane naye. Hapa dirishani kuna mwanga ambao hauonekani. Kitu chochote kikiukata, hata unywele, anasimama na kiwanda kizima kinajua."

"Kumbe ni mkwe!" akasema Gundi.

Jina likaganda kama mwenye kulitoa. Tangu siku hiyo roboti ile ikawa Mkwe.

Binti wa Mashine alitaka Mkwe ajifunze kwa mtu anayejua, na wote wakamsukuma Kioo mbele. Akaingia ndani ya wavu, kofia mkononi.

"Baba, shika mkono wake hapa," Binti akasema. "Nimezima gurudumu. Umwongoze taratibu kama unavyofanya mwenyewe. Yeye atakariri."

"Nimshike mkono? Hatujatambulishwa."

"Mshike tu, baba. Hana aibu."

Kioo akaushika. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, unamfuata kama mkono wa mgonjwa. Akaupitisha ubavuni, akaupindisha, akauzungusha kwenye shingo ya mrija, hapa kaza, hapa legeza. Jasho likamtoka. Akasahau kama kuna watu. Na alipomaliza, mazoea ni mazoea, akaurudisha ule mkono wa chuma nyuma kidogo na kuugusisha kitakoni mwa birika, taratibu, pa. Binti alikuwa ameinamia kompyuta yake na hakuuliza. Alidhani ni sehemu ya kazi.

Kesho yake asubuhi wakamwasha Mkwe kwa kasi yake mwenyewe. Alichofundishwa polepole, sasa alikifanya mbio. Akang'arisha ubavu, akang'arisha shingo, mrija, mkono, vizuri mpaka watu wakatazamana. Kisha akavuta mkono nyuma, akalipiga birika kofi ambalo lingemsahaulisha mtu kabila lake. PA! Na linalofuata, PA! Na linalofuata. Mpaka bosi anafika mbio na chai kwenye mashavu, mkanda wote umejaa mabirika yaliyobonyea kitako. Ukiliweka moja mezani linacheza kama mlevi aliyesimamishwa na polisi.

"Nani kamfundisha kupiga?" bosi akauliza.

Macho yote yakahamia kwa Kioo.

"Mimi napiga kwa mapenzi, bosi," Kioo akasema. "Yeye kapiga kwa chuki."

Binti wa Mashine alicheka mpaka miwani ikaloa. Halafu akabonyeza hapa, akabonyeza pale, kofi likafutwa kama halijawahi kuwepo duniani.

Na hapo haki isemwe. Kofi lilipotoka, Mkwe hakuwa na kasoro. Kioo alimtafutia kosa. Aliomba apewe birika moja kwenye kila kreti, akalipitisha vidole akiwa amefumba macho, akalinusa, karibu alirambe. Halina kitu. Shingo iko laini, kovu limeyeyuka kama lilivyoyeyuka kwake. Angekuta limeharibika angelala vizuri. Lakini kila alipogusa, alikuta mkono wake mwenyewe umepita pale bila yeye kuwepo, na hilo lilimwasha kuliko upupu.

Magurudumu ya zamani yakang'olewa. Wang'arishaji wengine wakapelekwa kukata mabati, wengine wakashukuriwa, na shukrani za namna ile mwisho wake ni getini. Gundi akapewa ufagio. Kioo, kwa kuwa ndiye aliyemfundisha Mkwe, akapewa kiti.

Si kigoda. Kiti cha magurudumu, cha kuzunguka, chenye mgongo. Kiliwekwa mbele ya lile dirisha la wavu, na juu yake taa tatu. Ya kijani ikiwaka, kaa. Ya njano ikiwaka, bonyeza kengele Binti aje. Nyekundu, simama mbali. Akapewa beji ya kuning'iniza shingoni, imeandikwa msimamizi, na picha yake ina uso mzima. Wakamwambia ni majaribio kwanza, tuone.

Mkewe alipoiona ile beji alikaa kitandani akapiga vigelegele vya chini chini, kisha akatoka uani akavipiga vya juu. Shati jeupe likaenda kiwandani jeupe na likarudi jeupe. Kipande cha sabuni kikaanza kukaa mpaka watu wakakizoea. Akamshonea mto wa kukalia, una maua pembeni.

"Sasa nina mkwe anayekaa kama watu," alisema mama mkwe.

"Bado hajazoea, mama," mkewe akajibu. "Mtu aliyesimama miaka yote hiyo, kukaa nako ni ufundi."

Ikawa hivyo kweli. Siku ya kwanza Kioo alikizungusha kiti mpaka akapata kizunguzungu. Siku ya pili aliisugua mikono yote miwili ya kiti ikawa haishikiki. Baada ya hapo hakikubaki cha kusugua. Mbele yake, ndani ya wavu, Mkwe anageuka, anapinda, anazungusha shingo, anashusha birika kwenye mkanda. Birika linapita mbele ya dirisha, karibu kabisa, likiwa bado na joto, linaingia kwenye kisanduku cha kuoshea na kutokomea ukutani kwenda chumba cha maboksi. Halijapigwa. Linalofuata, halijapigwa. Yalikuwa yanaondoka kama watoto wanaotoka nyumbani bila kuaga, na mkono wake wa kulia ulikuwa unajua idadi ya yote.

Ukaanza kwa kuwasha kiganjani. Ukapanda kwenye kiwiko. Akaubana kwapani, akaukalia, akaupa kazi ya kukuna goti. Siku hiyo ya kwanza ya aibu hata hakujua ulitoka saa ngapi. Alichojua ni kwamba kiganja kimesikia joto la birika, pa!, na honi inalia kama mbuzi wa chuma, taa nyekundu inazunguka, Mkwe kaganda mkono juu, na kiwanda chote kimya.

Na Mkwe akisimamishwa hivyo si kwamba unamgusa bega anaendelea. Lazima arudi kwao kwanza, pale anapoanzia, ajinyooshe, akague viungo vyake kimoja kimoja, ndipo akubali. Watu wote wamekaa wanamsubiri, kama mkwe kweli.

"Kuna nini?" bosi akaja.

"Nimepitiwa, bosi."

"Na nini?"

"Na mkono."

Akasamehewa. Siku zikapita kidogo, mkono ukatoka tena. Safari hii bosi hakukimbia, alitembea, na hiyo ni mbaya zaidi. Akasimama mbele ya kiti, wafanyakazi wote wakisikia.

"Kioo. Huo mkono ukipita tena hapo, na hakuna moto, hakuna moshi, hakuna damu, kiti unakiacha na kiwandani hurudi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bosi."

"Na mkono umenielewa?"

Watu wakacheka. Kioo hakucheka, maana ndilo swali lenyewe.

Nyumbani hakusema, lakini mkewe alijua. Atakosaje kujua? Alfajiri aliamka anapigwa makofi madogo kwenye nyonga, pa, pa, pa, kwa mwendo wa mkanda.

"Baba watoto! Mimi si birika!"

"Nimelala, mke wangu."

"Wewe umelala. Mkono uko kazini." Akaketi, akawasha taa. "Haya, niambie. Kuna nini huko?"

Akamwambia. Kuhusu honi, kuhusu bosi, kuhusu neno la mwisho. Mkewe alisikiliza huku ameushika ule mkono kwa mikono yake miwili kama mtu anayemshika kuku asiruke.

"Kwa ajili ya kofi?" akasema. "Watoto wanasoma, mama anakula kwa meno yaliyobaki, mimi nimeshasema uani kila kitu mpaka cha kesho, halafu tufukuzwe kwa ajili ya kofi?"

"Najua."

"Basi ukalie."

"Nimeukalia. Unakufa ganzi, halafu unafufuka na hasira."

Mkewe akafikiri. Asubuhi akampa kufuli la stoo ya uani, zito, la shaba, atie mfukoni awe anasugua. Wazo zuri, na lilisaidia siku kadhaa. Kioo alikaa kwenye kiti akisugua mfukoni, macho kwenye taa ya kijani, watu wakipita wanamwona kama mtu mwenye siri. Lakini kufuli lile alilisugua mpaka tundu la ufunguo likafutika, na mfuko ukatoboka, likaanguka na kubingirika chini ya mkanda. Stoo ya nyumbani mpaka leo inafungwa na kamba.

Kisha mkewe akamfunga mkono kwa leso, aseme ameteguka. Binti wa Mashine akamhurumia, akaleta dawa ya kuchua. Akachuliwa mkono usio na ugonjwa. Ukapata nguvu zaidi.

Wakati huo upande wa pili wa ukuta nako kulikuwa hakukaliki. Mkwe hachoki, haendi chooni, hana msiba, na mabirika yalikuwa yanamwagika chumba cha maboksi kama maji ya bomba lililopasuka. Kule alitawala mwanamke mnene mwenye sauti ya kipaza, Mama Maboksi, na kila siku alichungulia kwenye tundu la mkanda akapiga kelele.

"Mwambieni huyo Mkwe wenu apumzike! Sisi tuna mikono ya nyama huku!"

Bosi alikuwa anamjibu tutaona, tutaona, na haoni.

Ikafika asubuhi moja ambayo haikuwa na tofauti yoyote. Taa ya kijani. Gundi anafagia karibu na nguzo, yaani ameegemea ufagio. Kioo ameweka mikono yote miwili chini ya mapaja, anaimba kimoyomoyo ili asiyasikie mabirika. Mara mkanda ukasita, kama unavyosita wakati mwingine kisanduku cha kuoshea kikijaa. Na birika moja likasimama hapo hapo, mbele ya dirisha, kitako kimemwelekea.

Akajiona ndani yake. Mtu wa shati jeupe, beji kifuani, amekaa. Uso umevutwa na ule mviringo ukawa mpana kama sahani, na mikono haionekani kabisa, kana kwamba hakuzaliwa nayo. Akakaza macho. Akasema moyoni, mkanda utembee sasa hivi, utembee, utembee. Mkanda haukutembea. Paja la kulia likainuka kidogo lenyewe.

Pa!

Ndiii, likajibu birika. Na honi ikafuata.

Binti wa Mashine ndiye aliyefika kwanza. Akamwinamia sikioni. "Baba, sema uliona cheche kwenye gurudumu. Mimi nitasema hata mimi niliziona. Haraka, anakuja."

Kioo akamtazama. Alikuwa binti mzuri, alikuwa tayari kusema uongo kwa ajili ya mzee asiye ndugu yake. Na uongo wenyewe ulikuwa mtamu, umeshaiva, ni kuumeza tu. Lakini akaona na kesho. Kesho kiti kiko pale pale, taa ya kijani, mabirika yanapita. Cheche za kesho kutwa atazitoa wapi?

Bosi akafika. Akatazama taa nyekundu, akatazama Mkwe aliyeganda, akatazama kiti.

"Moto uko wapi?"

"Hakuna moto, bosi."

"Moshi?"

"Hakuna."

"Sasa ulifanya nini?"

"Nililipiga kofi."

"Kwa nini?"

"Lilikuwa linaondoka," akasema.

Ufagio wa Gundi ukaanguka, na Gundi mwenyewe akaufuata, amejishika mbavu. Hata wale wakataji mabati waliokuja kuchungulia walicheka. Bosi peke yake hakucheka. Akanyoosha mkono.

"Beji."

Kioo akaivua. Ilinasa kwenye sikio, akainasua. Moyoni akamwona mkewe uani, akaona vigelegele vikirudi kinywani kimoja kimoja.

"Bosi," akasema, "ulichosema ulisema, na mimi nilikisikia. Lakini kabla hujanitoa, nishushe."

"Nikushushe wapi?"

"Kwa Mama Maboksi."

"Kule watu wanasimama kutwa nzima. Kule hakuna kiti."

"Ndiyo maana nakuomba."

Bosi akapumua kwa pua. Alikuwa ametamka neno mbele ya watu, na mtu mzima akitamka neno mbele ya watu linamkaa shingoni. Huenda angesema hapana. Lakini honi ilikuwa imezimwa, kiwanda kimetulia, na kupitia tundu la mkanda sauti ya Mama Maboksi ikaingia bila kubisha hodi.

"Asante Mungu, Mkwe wenu amesimama! Asimame mpaka jioni! Huku nimezikwa mpaka kiunoni, na mtu wa kunifukua simwoni!"

Bosi akainama kwenye tundu. "Mama, nikikupa mtu utanyamaza?"

"Mtu gani?"

"Kioo."

"Ana mikono miwili?"

"Anayo," bosi akasema kwa uchungu. "Tena inazidi."

"Mlete. Huyu uliyenipa juzi naye anayo miwili, ila mmoja umeolewa na simu."

Bosi akasimama wima, akatia beji mfukoni. "Ukiharibu na huko, Kioo, sitaki kukuona hata kwenye ndoto."

"Siji, bosi. Nalala vibaya siku hizi."

Chumba cha maboksi kilikuwa na meza ndefu, taa za mirija, na mapazia ya mpira pale mkanda ulipotokea. Birika linachungulia kwanza kwa mrija, halafu linatoka zima, limelowa. Unalifuta. Unalivisha kifuniko. Unalizungushia karatasi, unalitia ndani ya boksi, unakunja masikio ya boksi, unavuta utepe wa gundi, kraaa, unasukuma. Limeshafika jingine.

"Afisa, karatasi ziko chini yako," alisema dada mmoja.

"Afisa, usikalie boksi, halina magurudumu," akasema mwingine.

"Mwacheni afisa," akasema Mama Maboksi. "Afisa, kimbia!"

Kioo akakimbia. Mwanzoni alichana karatasi, akafunga utepe ukamnasa ndevu, akavisha birika kifuniko cha kaka yake. Halafu vidole vikaanza kuelewa. Kunja, zungusha, kandamiza, vuta. Mkono wa kulia ukifanya hiki, wa kushoto umeshatangulia kwa kingine. Shati likaanza kuwa na vumbi la maboksi. Mgongo ukauma pale ulipozoea kuuma.

Mchana ulipokuwa umeshaegemea upande, ndipo alipokumbuka. Hajapiga kofi hata moja. Akasita, birika mkononi, akaligeuza kitako. Akalitazama. Alitaka kujiuliza kama ni jambo la kufurahi au la kusikitika, lakini mrija wa jingine ulikuwa umeshachungulia kwenye mapazia na nyuma yake jingine, na Mama Maboksi anafungua kinywa. Akalizungushia karatasi.

Jioni mkewe alimwona toka mbali, kwa shingo. Shingo haina kitu. Hakuuliza pale koridoni. Alimwacha akaingia, akakaa, akamwekea chai, akasimama mlangoni amejifunga mikono.

"Wamekutoa."

"Hawajanitoa. Nimeomba kushushwa. Niko maboksi."

"Maboksi!" Akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Kule kwa wanawake wa kufunga kamba?"

"Utepe. Kamba hakuna."

"Na kiti?"

"Wamempa Gundi."

Hata mkewe aliliona hilo limekaa sawa. Gundi alizaliwa kwa ajili ya kiti kile. Siku hiyo hiyo ya kwanza, walisema, alikikalia mpaka Binti wa Mashine akaenda kumwekea kidole puani kuona kama anapumua.

"Mshahara?" mkewe akauliza.

"Unatosha kula. Hautoshi kuringa."

"Na mimi kuringa ndiko nilikuwa nimeshaanza," akasema mkewe. Akatazama ukutani. Akamtazama yeye. Kikombe kilikuwa mezani, kimejaa, na kisahani chini yake, na mikono ya mumewe ilikuwa imelala juu ya magoti kama paka wawili walioshiba. Hakuwahi kuiona hivyo tangu wafunge ndoa. Akaitazama muda mrefu, akapangusa pua kwa ncha ya kanga, akachukua ndoo, akatoka uani.

Kule bombani jirani alikuwa anamsubiri, na si kwa maji.

"Mwenzangu, naona baba leo kapita bila ile beji."

"Beji?" Mke wa Kioo akaiweka ndoo chini ya bomba, akafungua maji taratibu kama mwenye muda wote wa dunia. "Beji ni ya watoto, mwenzangu. Wamegundua ile roboti haihitaji mtu wa kuitazama, hata mfagiaji anaweza. Shida iko mlangoni. Birika likishang'aa, nani aseme litoke? Huyo roboti anajua? Hajui. Basi wamemtafuta mtu mmoja kiwanda kizima, ambaye lisipopita mikononi mwake haliendi popote."

"Eeh?"

"Yeye akikunja mikono leo, nchi nzima kesho inakunywa maji baridi."

Ndani, Kioo alisikia yote kupitia dirishani. Akainuka nusu, aende kusahihisha, walau lile la nchi nzima.

"Kaa chini," akasema mama mkwe wake kutoka kwenye kona yake. "Mwache mtoto wangu afanye kazi."

Akakaa. Na huko nje ndoo ilikuwa imeshajaa, inamwagika miguuni, wala mkewe hakuifunga.

"Na kiti?" jirani alikuwa anauliza. "Kile ulichokishonea mto?"

"Kiti walimbembeleza akichukue, akakataa. Mtu kama yule unamkalisha wapi?"